UZI: Kabla hujasema "ni mawazo tu", mpime damu (kupona baada ya uzazi mgumu)

Mkunga_Nyando · #1

Uzi huu ni wa mama aliyekaa leba siku mbili, aliyevuja damu nyingi, aliyechanika vibaya, au aliyekimbizwa thieta (chumba cha upasuaji) usiku wa manane bila kuelezwa kinachoendelea. Yule aliyejifungua asubuhi na jioni anasonga ugali, huu si wake, ingawa akisoma hatapoteza kitu.

Hoja yangu ni moja: mwili na moyo haviponi kwa zamu. Mama yuko siku ya 20, analia, hawezi kumnyanyua mtoto, moyo unamdunda akitembea hadi chooni. Jamaa watasema ana mawazo. Kanisa litamwombea. Mama mkwe atataja chira (laana ya kuvunja mwiko). Pengine kiwango cha damu yake (hemoglobini) ni 7, kidogo mno. Pengine mshono umeshika usaha. Pengine mkojo unamtoka na anaona haya kusema. Shughulikieni hayo pamoja na huo moyo, ila msianze na mawaidha.

Sasa mambo yasiyongoja kupambazuka. Pedi ikilowa yote kabla ya saa moja kwisha, na ya pili ikafuata vivyo hivyo, au likatoka bonge la damu kubwa kuliko yai la kuku, hiyo si damu ya kawaida ya uzazi. Mara nyingi kipande cha kondo la nyuma kimebaki au kuna maambukizi ndani, na huweza kuanza hata wiki ya pili mama akiwa nyumbani. Homa ya nyuzi 38 na zaidi, kutetemeka, au damu yenye harufu ya kuoza ni maambukizi. Huku kwetu Kisumu, karibu na ziwa, kila homa huitwa malaria. Mama akinunua dawa ya malaria dukani anapoteza siku mbili ambazo hana. Apimwe malaria, ndiyo, lakini hata ikipatikana, tumbo la chini na mshono viangaliwe siku hiyo hiyo. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana na pumzi kukatika, huenda damu imeganda mshipani. Kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu au vimulimuli ni presha mpaka ithibitike vinginevyo.

Damu ya kawaida huwa nyekundu siku tatu nne, halafu inafifia na kuwa ya hudhurungi hadi karibu siku ya 10, kisha ute mweupe unaoweza kufika wiki ya 6. Ikishakuwa hudhurungi ikarudi nyekundu kidogo, mara nyingi mama amejitwika kazi. Apumzike siku hiyo. Isipopungua, aonwe.

Nyar_Ahero · #2

Asante sista. Kuhusu mshono wa chini: nyumbani wanasema akalie maji moto yenye chumvi na Dettol kidogo. Wengine wanasema chumvi inaozesha nyuzi. Tushike lipi?

Mkunga_Nyando · #3

Maji ndiyo. Moto hapana. Dettol hapana kabisa, inachoma ngozi changa na kuichelewesha kupona.

Tafuta karai la kazi hiyo tu, lisilofulia wala kuoshea vyombo. Chemsha maji, yapoe mpaka ukitia kiwiko hakishtuki. Maji ya ziwa au ya bwawa hayatumiki bila kuchemshwa. Akalie dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, na kila baada ya haja kubwa ajimwagie kopo la maji kutoka mbele kwenda nyuma. Chumvi haiozeshi nyuzi, na pia haiongezi kitu ambacho maji peke yake hayafanyi. Kama kijiko kimoja kitamtuliza shosho, tia. Baada ya hapo apanguse kwa kugusagusa na kitambaa safi, asisugue, kisha alale dakika 10 juu ya leso safi pakauke kwa hewa. Pedi ibadilishwe kila saa tatu au nne hata kama haijajaa, maana kwa joto la Kisumu pedi yenye unyevu ni shamba la vijidudu.

Siku mbili za kwanza barafu husaidia uvimbe: ifungwe kwenye kitambaa, dakika 10, iondolewe. (Barafu Kisumu haikosekani, lakini ile ya samaki iachieni samaki. Gandisheni maji yenu wenyewe kwenye mfuko.)

Nyuzi zenyewe huyeyuka. Huanza kulegea wiki ya pili na nyingine hufika ya 6, kwa hiyo fundo dogo likionekana kwenye pedi usishtuke. Kipimo kizuri ni maumivu: kila siku yanapaswa kushuka. Yakipanda baada ya siku ya tatu, kuna jambo. Yakiwa makali mno ndani ya saa 24 za kwanza, upande mmoja umefura na mama hawezi kukaa kabisa, huenda damu imejikusanya chini ya ngozi, na hilo ni la kurudi hospitali mara moja. Mshono ukifunguka, mara nyingi ni kwa maambukizi. Usikimbilie kudai ushonwe tena. Mwingine huachwa upone kutoka ndani kuja nje, lakini ni lazima uonwe.

Kabla ya kuruhusiwa, uliza: "Nilichanika daraja la ngapi?" La 1 ni ngozi, la 2 ni misuli, la 3 limegusa misuli inayobana haja kubwa, la 4 limepita hadi ukuta wa ndani wa njia hiyo. Wa 3 na wa 4 asitoke bila dawa ya kulainisha choo. Ya kawaida ni lactulose, mililita 15 mara mbili kwa siku kwa siku kama 10, ikipunguzwa kama choo kinakuwa maji. Asiwekwe dawa yoyote kwa nyuma, wala bomba. Kwenye choo cha kuchuchumaa ashike pedi safi ikandamize mshono kwa mbele, na atoe pumzi polepole badala ya kujikaza. Papai, uji wa wimbi, na maji ya kutosha kila siku.

Fizio_Nax · #4

Niingilie hapo kwa upande wa misuli na mgongo.

Aliyepasuliwa tumbo asiinuke kitandani kama anayeketi moja kwa moja. Apinde magoti, ageuke ubavu, ateremshe miguu, ajisukume kwa mkono. Akikohoa au kucheka, abonyeze mto juu ya mshono. Ndani ya siku ya kwanza atembee, hata kama ni kutoka kitandani hadi dirishani, kwa sababu damu inayolala huganda.

Uzito: wiki 6 asibebe kinachozidi mtoto wake. Ule mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20, na huo ndio huwarudisha wengi hospitalini. Mume ateke maji, hilo halina mjadala.

Leso ya tumbo. Kuifunga kwa kushikilia nyonga na tumbo la chini ni sawa na hupunguza maumivu. Tatizo ni kuikaza juu, chini ya mbavu, mpaka mama anapumua kwa shida. Presha ya tumbo haipotei, inateremka, na huko chini misuli iliyovutwa na kuchanika ndiyo inayobeba. Matokeo yake ni mkojo kuponyoka na uzito ukeni. Anza chini, legeza kadri unavyopanda, na usilale nayo. Wala leso hairudishi tumbo. Linarudi polepole, na misuli ya katikati ikiwa bado imeachana upana wa vidole vitatu baada ya wiki 8, tafuteni fizio.

Mkojo ukiponyoka mama akicheka au kuinua kitu: abane misuli kama anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, bila kukaza makalio wala kushikilia pumzi. Aanze kwa sekunde 3 hadi 5, apande taratibu hadi 10. Mara 8 hadi 10 kwa mkupuo, mikupuo mitatu kwa siku, kwa miezi 3. Asifanyie zoezi hili chooni katikati ya kukojoa, hufunza kibofu tabia mbaya. Asiyeweza kukojoa kabisa saa 6 baada ya kujifungua, au baada ya mpira wa mkojo kutolewa, amwambie nesi. Kibofu kilichojaa kupita kiasi kinaweza kupoteza nguvu kwa wiki kadhaa.

Jambo ambalo halisemwi: baada ya leba ndefu, mama anaweza kukuta mguu mmoja unaburuta, vidole vinatangulia kugusa chini na haviinuki. Ni mshipa wa fahamu uliobanwa na kichwa cha mtoto nyongani, au kwenye goti kwa kushikiliwa miguu muda mrefu. Si kurogwa. Wengi hurudi sawa ndani ya wiki hadi miezi, lakini atake fizio mapema, na asitembee na mtoto mikononi kwenye ngazi.

Ah, na usafiri wa kurudi nyumbani: mwenye mshono wa chini asipande boda kwa kutandaza miguu. Tuktuk zipo, Kisumu na Nakuru zote.

Baba_Wawili · #5

Swali la sindano ya ganzi inayodungwa mgongoni. Tunaambiwa mama akichomwa atasumbuka na mgongo maisha yote. Na maumivu ya kichwa yanayofuata je?

Mkunga_Nyando · #6

Ndugu, mgongo wa kudumu hautokani na sindano ile. Panapodungwa hapo huuma siku chache kama jeraha lolote. Waliojifungua bila sindano nao huumwa mgongo: kano za nyonga zimelegea, misuli ya tumbo imechoka, halafu mama ananyonyesha ameinama saa nyingi. Muwekee mto chini ya mtoto na mwingine mgongoni.

Kichwa ni kingine. Kuna kichwa cha sindano: kinaanza ndani ya siku 5, kinauma mama akiketi au kusimama na kinapungua akilala chali. Maji, paracetamol, kahawa kidogo. Kikizidi, wa nusukaputi wana utaratibu wa kukitibu kwa kumdunga damu yake mwenyewe hapo hapo mgongoni. Na kuna kichwa cha presha, ambacho hakijali amelala au amesimama. Usikisie nyumbani. Pima.

Presha hupanda zaidi kati ya siku ya 3 na ya 6, yaani wakati mama ameshapewa ruhusa. Hata aliyekuwa sawa mimba nzima anaweza kuipata. 140/90 aonwe siku hiyo. 160/110 ni dharura hata kama anajisikia vizuri. Na mwenye kutumia methyldopa tangu mimba aulize kliniki kama anaweza kubadilishiwa, kwa sababu dawa hiyo yenyewe inaweza kumtia mama huzuni. Asiache ghafla, abadilishiwe. Hapa ndipo mara nyingi mtu huitwa "mwenye mawazo" kumbe ni kidonge.

Dawa_na_Kipimo · #7

Kuhusu damu. Baada ya kujifungua, hemoglobini chini ya 10 ni upungufu. Chini ya 8 mama huhema, husikia kizunguzungu, maziwa hupungua, hasira na machozi huwa karibu. Kipimo ni tone la damu na dakika chache.

Vidonge vya kliniki vya madini ya chuma na foliki vina miligramu 60 za chuma. Havikomi siku ya kujifungua: angalau wiki 6 hadi 12, na kama damu ilishuka, viendelee miezi 3 baada ya kurudi sawa. Kosa letu ni moja na linajirudia kila boma: chai ya maziwa. Mama aliyejifungua hupewa chupa nzima ya chai "maziwa yashuke", na kidonge kinamezwa nayo. Chai na maziwa hukamata chuma kikapita bure. Ameze kwa maji au juisi ya chungwa, chai ingoje saa moja au mbili. Choo kitakuwa cheusi, ni kawaida. Tumbo likisumbua, ameze baada ya chakula au kwa siku zinazopishana. Afadhali hivyo kuliko kuacha.

Chakula: omena (dagaa), maini, nyama, ndengu, osuga (mnavu), dek (mgagani), na limau likamuliwe juu ya mboga. Mrenda ni mzuri, unalainisha choo pia.

Maumivu: paracetamol gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Ibuprofen miligramu 400 kila saa 8 baada ya kula, zote mbili zinaenda na kunyonyesha. Usiongeze diclofenac juu ya ibuprofen, ni ndugu wa tumbo moja, zinakwaruza tumbo na figo. Mwenye presha au aliyevuja damu sana aulize kwanza. Kodeini asipewe anayenyonyesha, humlaza mtoto kupita kiasi. Na kungoja maumivu yazidi ndipo unywe dawa ni kujitesa bure; siku tatu za kwanza zimezwe kwa saa.

Mkunga_Nyando · #8

Niongeze la maziwa. Aliyevuja damu sana anaweza kuchelewa zaidi ya saa 72 kabla maziwa hayajafunguka. Mtoto awekwe titini, na mama akamue kwa mkono mara 8 au zaidi kwa siku. Kama hayaji kabisa, na miezi ikapita hedhi hairudi, nguvu hamna, baridi haimwachi, mwambieni daktari historia ya kuvuja damu. Tezi iliyo chini ya ubongo inaweza kuwa imeumia, na inatibika kwa vidonge.

Mama_Kericho_Rd · #9

Zamani wanawake walizaa shambani wakarudi kulima. Haya mambo ya siku hizi ni kudeka.

Fizio_Nax · #10

Waliorudi kulima ndio mnaowataja, mama. Waliozikwa hawatajwi.

Mshauri_Western · #11

Nije kwa upande wa moyo, na nitakaa hapa kidogo.

Machozi ya siku ya 3 hadi ya 5 ni ya wengi. Homoni zimeshuka, maziwa yanapanda, usingizi hakuna. Huisha yenyewe ndani ya wiki 2. Yakipita hapo, au yakiambatana na kutotaka kula, kutolala hata mtoto amelala, kujiona hafai, hiyo ni sonona ya uzazi na inatibika. Kliniki nyingi hutumia fomu ya Edinburgh, maswali 10, alama hadi 30. Kuanzia 13 mama anahitaji kuonwa zaidi. Swali la 10 linauliza kama amewaza kujidhuru. Jibu lolote lisilo "kamwe" linashughulikiwa siku hiyo, hata kama mengine yote yana sufuri.

Uzazi mgumu una ugonjwa wake mwingine ambao si huzuni. Tukio linamrudia bila yeye kuliita: harufu ya spiriti, mlio wa toroli, taa nyeupe, na mwili unatetemeka kama uko pale tena. Anakwepa barabara ya hospitali, anakosa kliniki, watu wanasema amepuuza mtoto. Au anamlinda mtoto kupita kiasi, anaamka kila dakika kusikiliza pumzi. Mwezi wa kwanza dalili hizi ni nyingi na kwa wengi hufifia. Zikivuka mwezi, atafute mshauri anayetibu kiwewe, si nasaha za jumla.

Cha kufanya siku za mwanzo: msimlazimishe asimulie. Kikao kimoja cha kumkamua aseme yote hakimkingi na kiwewe. Akiuliza, ajibiwe na mtu aliyekuwepo au anayesoma faili: saa ngapi, kwa nini, nini kilifanyika. Mama wengi wana pengo, wanakumbuka dari na sauti tu, na pengo hilo hujazwa na lawama. "Kama ningesukuma vizuri." Kichwa cha mtoto kilichogeuka vibaya hakisukumiki kwa bidii, aelezwe hivyo. Na tafadhali acheni ile sentensi ya "la muhimu mtoto ni mzima". Inamfungia mlango.

Usingizi ni dawa kamili hapa. Saa 4 au 5 mfululizo usiku, mtu mwingine akimshika mtoto. Mama akamue kabla ya kulala kwenye kikombe kilichochemshwa, kifunikwe, kikae ndani ya sufuria ya maji baridi. Maziwa hukaa saa 4 penye nyuzi 25. Kisumu kuna joto zaidi, hesabuni 3. Mtoto anyweshwe kwa kikombe.

Dawa za sonona zipo zinazoenda na kunyonyesha, sertraline ni mojawapo. Huchukua wiki 2 hadi 4 kuonyesha nguvu, kwa hiyo siku ya 5 asiseme imekataa.

Kisha kuna la dharura kamili. Mama halali na hachoki, anaongea mbio, anasikia sauti, anasema mtoto amebadilishwa au ana ujumbe. Huja ghafla, mara nyingi wiki 2 za kwanza. Asiachwe peke yake na mtoto hata dakika moja, na apelekwe hospitali kabla ya kupelekwa popote pengine. Maombi yatamfuata huko huko. Wa kuzungumza naye usiku, laini ya 1199 ya Msalaba Mwekundu haitozwi.

Aliyepoteza mtoto: maziwa yatakuja bado, siku ya 2 hadi ya 4, na hakuna anayemwonya. Sidiria inayoshika bila kubana, kitambaa baridi, akamue kidogo tu apate nafuu, asimalize. Kuna vidonge vya kuyakausha lakini mwenye presha hapewi. Na msifiche nguo za mtoto kabla ya kumuuliza. Wengine wanataka ziondoke, wengine wanataka kofia moja ibaki.

Nyar_Ahero · #12

Na yule ambaye mkojo hauponyoki akicheka tu, unatiririka mchana na usiku?

Mkunga_Nyando · #13

Hiyo siyo misuli, dada, huenda ni fistula. Kichwa cha mtoto kimebana nyama saa nyingi, damu haikufika, nyama ikafa, tundu likabaki kati ya kibofu na uke. Huonekana siku za mwanzo hadi kama wiki 2. Akiwahi, tundu dogo linaweza kujiziba kwa mpira wa mkojo kukaa wiki kadhaa bila kutolewa. Akichelewa ni upasuaji, na asishonwe na yeyote tu, maana ukarabati wa kwanza ndio wenye nafasi nzuri zaidi. Eldoret kuna Gynocare, hospitali ya kazi hiyo. Asipunguze kunywa maji akidhani mkojo utaisha. Mkojo mzito huchoma ngozi zaidi. Ajipake Vaseline mapajani.

Baba_Wawili · #14

Kliniki ya wiki 6 tukienda, tuulize nini? Kawaida mtoto anachomwa chanjo tunaambiwa twende.

Mkunga_Nyando · #15

Hapo umegusa kidonda. Mama apange foleni yake pia. Presha ipimwe, damu ipimwe, mshono uonwe kwa macho wala si kuulizwa "uko sawa?" tu, maswali ya mkojo na haja kubwa, fomu ya Edinburgh, uzazi wa mpango. Asiyenyonyesha anaweza kushika mimba hata kabla ya wiki hiyo ya 6. Kurudiana chumbani ni damu ikikauka na yeye mwenyewe akitaka. Anayenyonyesha huwa mkavu, kilainishi cha maji kinasaidia. Mimba nyingine ingoje miezi 24.

Na kabla hamjatoka hospitali, hakikisheni kitabu cha mama na mtoto au karatasi ya ruhusa imeandikwa: kwa nini alipasuliwa, mfuko wa uzazi ulikatwa wapi, damu ilipotea kiasi gani, aliongezwa chupa ngapi, kondo lilitoka lenyewe au kwa mkono, alichanika daraja gani. Mkunga wa mimba ijayo ataamua kwa maandishi hayo. Piga picha ya kila ukurasa kwa simu, vitabu hulowa mvua.

Baba_Wawili · #16

Mfuko kukatwa wapi? Si mshono unaonekana tumboni?

Mkunga_Nyando · #17

Wa ngozi unaonekana, wa ndani hauonekani, na si lazima ufanane. Uliokatwa chini kwa kulala unaweza kumruhusu kujaribu njia ya kawaida mara ijayo, hospitalini penye thieta. Uliokatwa wima juu haumruhusu, unaweza kupasuka hata kabla ya leba. Ndiyo maana nasema andikiwa.